Ufito wa Pingili Nane

Jamleck Waithaka hakupenda picha yenye mtu ndani yake. Mtu, alizoea kuwaambia wanafunzi wake, hutazamwa kabla ya jengo, na jengo linalotazamwa la pili halitazamwi kabisa. Ndiyo maana katika picha mia nne na kumi na mbili alizopiga kati ya mwaka 1966 na 1978, kuanzia mtaa wa Biashara, ambao wazee wa Nairobi bado huuita Bazaar, hadi vichochoro vya River Road, hamna mwenye duka, hamna mwendesha baiskeli, hamna hata paka. Zimo kuta, madirisha, roshani za mbao zilizochongwa na mafundi waliokwisha kufa, na mbele ya kila ukuta umesimama ufito mmoja uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa zamu, pingili nane kama za muwa. Ufito huo ulikuwa kipimo. Anayejua urefu wa pingili moja anaweza kupima jengo zima akiwa amekaa mezani kwake, miaka mingi baada ya jengo lenyewe kubomolewa.

Ila ufito hausimami peke yake. Anayezitazama picha hizo kwa makini huona vidole vinne vikiukumbatia kutoka nyuma, na kwenye kimoja pete nyembamba. Vilikuwa vidole vya mkewe, aliyeitwa Wangu. Waithaka alipiga picha Jumapili tu, maduka yakiwa yamefungwa na magari ni machache, na Jumapili wafanyakazi wa ofisi yake walikuwa makwao. Kwa hiyo wawili hao walitoka kanisani moja kwa moja hadi Bazaar, yeye na kamera, mkewe na ufito.

Mwezi wa Agosti 2006 Waithaka alikuwa na miaka sabini na miwili, amestaafu, akiishi mtaa wa Woodley katika nyumba ya mawe aliyohamia akiwa msanifu majengo kijana. Asubuhi ya Jumatatu moja Becky, aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa ana ofisi yake mwenyewe mjini, alikuja kumwona. Alikuja na nakala ya picha moja ndani ya bahasha.

"Mwalimu, nina swali dogo tu," Becky alisema, hata kabla hajakaa vizuri. "Hii ya Desemba sabini. Jengo la Ramnik. Ufito ni wa futi ama ni wa mita?"

"Wa futi," Waithaka alijibu papo hapo. Kisha akaichukua ile picha, akaisogeza dirishani, akaitazama upya.

Kosa lilikuwa lake, tena lilikuwa kosa la mtu makini. Ufito wa kwanza ulikuwa na urefu wa futi nane, kila pingili futi moja. Nchi ilipoanza kuhamia vipimo vya mita, alitengeneza wa pili wenye urefu wa mita mbili, na makusudi kabisa akaugawa pingili nane za sentimita ishirini na tano, ili asibadilishe mazoea yake ya kuhesabu. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alitumia zote mbili, kutegemea michoro iliyokuwa mezani ofisini. Na katika daftari lake, kando ya kila picha, aliandika maneno yaleyale bila kukosa: ufito, pingili nane. Hakuandika ni ufito upi. Wakati huo hakuona ni nani angeweza kuchanganya vitu viwili alivyovijua vizuri namna ile.

"Nguzo za roshani ni pingili kumi," Becky alisema. "Kama ni futi, ni mita tatu na kidogo. Kama ni ule mwingine, mita mbili na nusu."

"Tofauti ni sentimita hamsini na tano."

"Ndiyo hiyo. Na siwezi kwenda kupima. Ukuta wa mbele wote ulibomolewa themanini na mbili, majirani wote wawili wakabomolewa pia. Imebaki picha yako peke yake." Becky alishusha pumzi. "Mjukuu wa Ramnik amekubali kuirudisha roshani ya babu yake. Lakini amenipa mpaka Ijumaa. Mchoro ukikosa vipimo anaweka vioo kutoka juu mpaka chini, kama jengo la benki. Amenieleza waziwazi, 'Becky, mimi sibahatishi. Nikikosea hizo nguzo nitakuwa nimejenga kituo cha basi.'"

"Ana haki," Waithaka alisema.

Wangu aliingia na chai. Alikuwa mwanamke mfupi aliyenyooka, na alikuwa na tabia ya kujibu maswali yaliyoulizwa akiwa chumba kingine.

"Ulikuwa ule mfupi," alisema, akiweka trei mezani.

"Umejuaje, Mama Njambi?"

"Bega. Ule mrefu ulikuwa unaniuma bega mpaka Jumatano. Na Desemba hiyo nilikuwa na Njambi tumboni. Ungenipa ule mrefu ningekuchapa nao hapo hapo Bazaar, Wahindi wakiangalia."

Becky alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. Waithaka hakucheka.

"Bega si ushahidi," alisema.

"Basi usiliulize bega. Kunywa chai."

Becky alipoondoka, Waithaka aliingia katika chumba kidogo alichokiita maktaba, akafunga mlango. Hakuwa mtu wa kuhuzunika. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Alijaribu kupima kwa matofali, lakini ukuta ulikuwa umepigwa lipu. Alijaribu kwa upana wa mlango, lakini mafundi wa enzi ile walitengeneza milango kadiri mbao zilivyowatosha. Alijaribu kwa vile vidole vinne, vilivyokuwa kwenye pingili ya tano, akakumbuka kuwa mkono wa mtu huenda popote mwenyewe anapotaka. Jumanne nzima ilikwisha hivyo. Jioni alitoka na hitimisho moja. Kama picha ya Desemba sabini haikuwa na kipimo, basi za mwaka huo wote hazikuwa nacho, na picha isiyo na kipimo ni kumbukumbu ya mtu mmoja tu, sawa na bega la Mama Njambi.

Jumatano asubuhi alitoa mikebe ya zamani ya mafuta ya kupikia ya Kimbo kutoka juu ya kabati. Ndani yake, katika bahasha ndogo za karatasi, zilikaa filamu zenyewe, negativu, kila moja kubwa kuliko kasha la kiberiti. Aliitafuta ya jengo la Ramnik, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kulia aliona ufito, nguzo, roshani. Upande wa kushoto hakuona kitu. Upande huo wote, kuanzia ukingo wa ufito, ulikuwa umezibwa kwa utepe mweusi.

Ndiyo, hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Kabla ya kuisafisha picha yoyote alibandika utepe juu ya negativu, akamfunika aliyeshika ufito, vikabaki vidole tu kwa kuwa vidole vilikuwa juu ya kipimo na kipimo hakifunikwi. Alifanya hivyo mara mia nne na kumi na mbili, wala hakuwahi kuwaza juu yake.

Chini ya utepe ule alikuwa amesimama mtu mzima, kando ya ufito, naye urefu wake unajulikana.

Alimkuta mkewe jikoni akichambua maharagwe, akamweleza yote kwa utaratibu, kama anavyoeleza mhandisi. Wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo.

"Kumbe ulinibandika utepe," alisema.

"Ulijua siweki watu kwenye picha."

"Nilijua unakata zile za kuonyesha wageni. Zile za kazi nilidhani nimo." Alitoa punje moja mbovu, akaitazama, akaitupa. "Miaka kumi na miwili, Baba Njambi. Nilidhani nimo."

Waithaka alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa ungo.

"Sasa unataka kunibandua," Wangu alisema.

"Nataka. Lakini utepe umekaa miaka thelathini na sita. Unaweza kutoka na picha."

"Utanibandulia wapi?"

"Parklands. Kwa Muli. Kesho."

"Basi na mimi nakuja. Aliyefunikwa ni mimi."

Muli alikuwa na studio ndogo kwenye ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Alikuwa amesafisha picha za harusi kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa na kompyuta na mashine ya skani, lakini kile chumba chake cha giza bado alikuwa nacho, akikitumia kuhifadhi viatu vya watoto wake. Aliivaa miwani yake ya fundi, akaishika negativu kwa kibano, akaigeuza huku na huku chini ya taa.

"Mzee, utepe uliuweka upande gani?"

"Upande unaong'aa. Siku zote."

"Huu uko upande wa picha, juu ya dawa yenyewe."

"Haiwezekani."

"Angalia mwenyewe."

Waithaka aliangalia. Ulikuwa upande wa picha. Ilikuwa mara ya pili katika juma hilo kukuta amekosea, na mara zote mbili kosa lilikuwa limemsubiri kwa miaka thelathini na sita bila haraka yoyote.

"Iskani kwanza jinsi ilivyo," alisema. "Upande wa jengo uwe salama."

Muli aliiskani, akahakikisha kila nguzo inaonekana. Mpaka hapo jengo halikuwa hatarini tena. Kilichokuwa hatarini sasa ni kile tu kilichokuwa chini ya utepe. Waithaka alitambua jambo hilo, akasogea karibu na taa.

"Naweza kuiacha, Mzee," Muli alisema. "Nikivuta vibaya, Mama anabaki kwenye utepe, unaenda naye kwa pipa la taka."

"Mimi si mara ya kwanza kutupwa na huyu," Wangu alisema kutoka kwenye benchi. "Endelea, Muli."

"Mzee?"

"Taratibu," Waithaka alisema. "Tafadhali."

Muli alichukua chupa ya mafuta ya kujazia viberiti vya sigara, akachovya brashi nyembamba ya rangi za maji, akaanza kudondosha kwenye pembe ya juu ya utepe. Tone, akangoja. Tone, akangoja. Harufu ilijaa chumba. Alivuta kwa kibano unene wa ukucha, akasimama, akadondosha tena. Ilimchukua dakika hamsini. Katika muda huo Waithaka hakukaa, na hakuna aliyemwambia akae. Mara moja tu Muli alisema "a-a" kwa sauti ya chini, na pembe ya juu ya filamu ikatoka na utepe, pande la anga lisilo na faida kwa mtu yeyote. Mengine yote yalibaki mahali pake.

Akaifuta, akaipeperusha ikauka, akaiskani, akaigeuza nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi. Picha ilijijenga kwenye kompyuta kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari: roshani, nguzo, kisha kitambaa cha kichwa chenye maua, kisha uso.

Wangu wa mwaka 1970 alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa amevaa gauni la kanisani lililoanza kumbana tumboni. Alisimama kama askari mbele ya bendera, miguu pamoja, kidevu juu, mkono mmoja kwenye ufito na mwingine umenyooshwa ubavuni. Hakuwa anaitazama kamera. Alikuwa anatazama mbele, kwa uangalifu wa mtu aliyepewa kazi.

Jicho la Waithaka lilikwenda kwenye ufito kwanza, kwa sababu ndivyo lilivyofundishwa. Utosi wa mkewe ulipita pingili ya sita kwa theluthi hivi.

"Pima," alisema.

Muli alipima kwenye kompyuta. "Pingili sita nukta tatu."

"Kama ni futi, ni futi sita na inchi tatu na nusu."

Muli alimgeukia Wangu, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mama, kama ulikuwa hivyo basi huyu mzee alikuwa anakunyima chakula."

"Alikuwa ananinyima," Wangu alisema, "lakini si kwa kiasi hicho."

Waithaka hakuwasikia. Alikuwa anaandika nyuma ya risiti. Sita nukta tatu mara ishirini na tano. Mia moja hamsini na saba na nusu. Futi tano na inchi mbili, urefu wa mke wake alioujua tangu siku walipopimiwa nguo za harusi. Haikuzidi wala kupungua hata sentimita moja. Ndipo jambo jingine likamsumbua, maana alijua vizuri kuwa Wangu hakuwahi kwenda kanisani bila viatu vya visigino, na visigino vingeongeza inchi mbili nzima.

Akainama karibu na kompyuta. Miguu ya Wangu ilikuwa mitupu juu ya saruji ya njia ya waenda kwa miguu. Kando yake, vimepangwa pamoja, vikiwa vimeelekezwa ukutani, palikuwa na viatu viwili vyeupe.

"Kwa nini ulivua viatu?"

"Uliniambia nivue."

"Mimi?"

"Jumapili ya kwanza kabisa. Ulisahau ufito nyumbani, ukakasirika kama kawaida yako, ukaniambia, 'Simama wewe basi, nitapimia wewe, lakini vua viatu, visigino vitadanganya.' Nikavua. Jumapili iliyofuata ukaja na ufito, ile picha ya kwanza ukaitupa." Wangu aliinuka kutoka kwenye benchi, akasogea. "Lakini hukuniambia kazi yangu imekwisha. Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa navua."

"Kila Jumapili?"

"Wewe ulikuwa umeinamia kamera. Uliangalia ufito tu."

Muli aligundua ghafla kuwa ana kazi katika chumba cha giza, akaenda kutafuta viatu vya watoto.

Waithaka alibaki ameitazama ile picha. Maisha yake yote alijihesabu mtu makini, na hakuwa amekosea sana. Lakini yeye aliandika pingili nane akasahau kuandika za nini, akabandika utepe upande usiofaa, na muda wote huo, hatua chache kutoka kwenye lenzi yake, mtu mwingine alikuwa akitunza kipimo kwa usahihi uliomshinda yeye, miguu ikiwa juu ya saruji, akiwa na mimba ya miezi sita. Alitoa kitambaa chake mfukoni, akaifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Ulisimama vizuri sana," alisema mwishowe.

"Najua," Wangu alisema.

Waithaka alimpigia Becky simu palepale. "Mita mbili na nusu. Andika. Ndiyo, nina uhakika. Nina mashahidi wawili, bega na picha, na wamekubaliana." Upande wa pili Becky alipiga kelele mpaka Wangu akamsikia. Mchoro ungekuwa mezani kwa mjukuu wa Ramnik kesho yake kabla ya chakula cha mchana, na kule Dagoretti Corner seremala wa Becky, fundi Dalmas, alikuwa ameshaambiwa aziweke tayari mbao za nguzo.

Alasiri hiyo, Woodley, Waithaka alikaa mezani na nakala mpya ambayo Muli aliwasafishia. Hakuikata. Aliigeuza, akachukua kalamu ya risasi, akaandika kwa herufi zake ndogo zilizonyooka. Jengo la Ramnik, Bazaar. Desemba 1970. Ufito, pingili nane za sentimita 25. Alisita, akaendelea. Kipimo cha pili: Bi. Wangu Waithaka, futi 5 inchi 2, bila viatu.

Wangu alikuwa amesimama nyuma yake akisoma juu ya bega lake.

"Andika na saruji ilikuwa inachoma."

"Mama Njambi, hiyo si..." Akajikatiza. Akaigeuza picha, akachukua kioo cha kukuzia, akatazama kivuli cha mkewe kwenye njia. Kilikuwa kifupi, kimejikusanya karibu na miguu. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa saba. Mahubiri yalikuwa marefu. Na hatukuwa tumekula."

Waithaka alikipima kile kivuli kwa rula, akahesabu kidogo pembeni, akatikisa kichwa kukubali. Akaigeuza tena picha, akaandika: Saa saba mchana. Saruji moto. Hatujala.

Kisha akauvuta mkebe wa Kimbo karibu, akatoa bahasha iliyofuata, akainua negativu yake dirishani. Upande wa kulia kulikuwa na dirisha la duka na ufito. Upande wa kushoto, utepe mweusi. Akavuta kiti cha pili mpaka kikagusana na chake.

"Kaa hapa," alimwambia mkewe. "Hii nyingine unaikumbuka?"